Fundi wa Kutazama Chukudu

Anayetafuta trekta Sake atatafuta mpaka achoke. Si kwamba watu hawalimi. Ukisimama katika mji huu mdogo, kwenye kona ya kaskazini-magharibi ya Ziwa Kivu, kilomita 25 hivi kutoka Goma, mashariki mwa Kongo, ukainua macho upande wa Mushaki, utaona mashamba yaliyopanda mlima hadi pale ambapo mtu hupalilia mguu mmoja juu na mwingine chini. Maharagwe, viazi, kabichi, mahindi, migomba. Lakini mashamba hayo ni vipande vidogo na mteremko ni mkali. Na upande wa Goma udongo ni tabaka jembamba tu juu ya mawe ya volkano. Kati ya mwaka 1938 na 1940 mlima Nyamulagira ulimwaga lava iliyofika mpaka ziwani karibu na Sake, ikabakiza kidogo kuifunga ghuba ya Kabuno. Jembe la trekta lingevunjika hapo kabla ya adhuhuri. Kwa hiyo kulima ni kwa mkono, na kinachohitaji chombo si shamba bali njia. Mavuno lazima yashuke kutoka vilima vya Masisi, na yakishashuka lazima yafike Goma. Malori huchukua sehemu yake. Sehemu ya mkulima mdogo, mwenye magunia matatu na asiye na nauli ya lori, huchukuliwa na chukudu.

Kwa msomaji wa Dodoma au Mombasa ambaye hajaiona, chukudu ni chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, moja mbele na moja nyuma, bila kiti, bila kanyagio, bila mnyororo. Urefu wake ni kama mita mbili. Ubao mmoja mnene ndio mgongo wake. Mbele ubao huo hupanda na kuungana na shingo. Shingoni hupita uma wa mbao unaoshika gurudumu la mbele, na juu ya uma kuna mikono miwili mipana ya kuongozea. Mwendeshaji huweka goti moja ubaoni, akasukuma ardhi kwa mguu wa pili. Akipanda mlima hushuka na kuisukuma, mara nyingi na mwenzake. Kwenye mteremko hupanda juu na kuiacha iende. Mwanzo wake huwekwa katika miaka ya 1970, enzi za Mobutu, na tangu 2009 Goma ina sanamu yake ya rangi ya dhahabu kwenye mzunguko wa barabara, heshima ambayo malori hayajapewa.

Fundi mwenye mbao kavu hutengeneza chukudu mpya kwa siku chache. Ya kawaida, ikifanya kazi kila siku, huishi miaka 2 au 3. Hapo ndipo penye biashara ninayotaka kuieleza, kwa sababu maisha hayo mafupi yakifika nusu, chombo huanza kubadilisha wenyewe. Mmoja amepata pikipiki, mwingine mgongo umekataa, mwingine ana mtoto wa kulipia shule mwezi huu huu. Na upande wa pili yupo kijana aliyekuwa akisukuma chukudu ya tajiri kwa malipo ya siku, amekusanya dola zake moja moja, na sasa anataka yake mwenyewe.

Vijana wa namna hiyo ndio hufika asubuhi kwenye kibanda cha fundi mmoja mzee kando ya barabara. Fundi huyo hutengeneza mpya, tena nzuri, lakini wengi hawaji kuagiza. Huja kumchukua akawatazamie. Yeye huweka chini tezo, huvaa koti hata kama jua limetoka, na kuchukua mfuko wa turubai. Ndani yake mna nyundo ndogo, koleo, spana ya kurekebika, uzi mrefu uliozungushwa kwenye kijiti, chupa ya mafuta ya taa, kitambaa, konzi ya majivu kwenye karatasi, na ufito wa mwanzi wenye urefu wa mkono. Sikuwahi kumwona akiongeza kitu katika mfuko huo.

Akiulizwa, humshauri mwenye pesa kidogo achukue chukudu iliyotumika mwaka mmoja kuliko mpya ya bei ile ile. Sababu yake ni ya mbao. Mkaratusi, ambao umejaa kwenye vilima vya Masisi, mara nyingi hukatwa na kupasuliwa ukiwa bado na maji ndani. Ukikauka hujikunja, hupasuka nchani, na msumari uliokuwa umekaza huanza kucheza kwenye tundu lake. Siku chombo kinatoka kibandani hakuna jicho linaloweza kuyaona hayo, hata lake. Baada ya mwaka mmoja wa jua na mvua, mbao imeshafanya uhuni wake wote. Ile iliyobaki imenyooka ndiyo ya kununua.

Asubuhi moja nilimfuata hadi kwenye uwanja wa nyumba moja, upande wa barabara ya Kirotshe. Chukudu iliyokuwa ikiuzwa ilikuwa imeegemezwa ukutani. Ilikuwa imeoshwa, na mbao zake zimepakwa mafuta zikang'aa.

“Iko nguvu, papa,” alisema muuzaji. “Ilibeba kabichi tu.”

Fundi aliitazama kitambo. “Umeiosha,” akasema, na hakuongeza neno.

Hakuigusa kwanza. Aliomba itolewe ukutani, isimamishwe mahali tambarare, kijana ashike mikono ya mbele ikiwa imenyooka. Yeye alirudi nyuma hatua kadhaa, akachuchumaa mpaka jicho lake likawa usawa wa gurudumu la nyuma, akafumba jicho moja. Alikuwa anatafuta kama gurudumu la nyuma linalificha la mbele sawasawa. Halafu akafungua uzi. Ncha moja aliigandamiza katikati ya ekseli ya nyuma kwa kidole gumba, nyingine akampa mtoto wa jirani aliyekuwa akishangaa pale, aivute hadi katikati ya shingo. Uzi ulipita juu ya ubao, na kila baada ya shibiri moja alipima kwa vidole umbali wake kutoka kingo mbili. Kwenye theluthi ya nyuma ubao ulikuwa umekwenda kushoto kwa upana wa kidole kimoja.

Mnunuzi mgeni angekimbia. Fundi alitikisa kichwa tu na kuukunja uzi. Upindo wa ubao mzima, alimweleza kijana, hauna ubaya kama magurudumu yenyewe yanafuatana, na haya yanafuatana. Kibaya ni magurudumu mawili yanayokwenda njia mbili: chombo hakivunjiki, lakini mwendeshaji hukirudisha barabarani kwa kiuno chake kutoka Sake hadi Goma, kila siku, na hajui kwa nini usiku halali.

Kisha mbao. Alipindua nyundo na kugonga kwa mpini wake, si kwa chuma, akianzia nyuma kuja mbele. Mbao nzima hutoa sauti kavu yenye urefu. Iliyooza ndani au kuliwa na wadudu hutoa sauti fupi inayokufa pale pale. Aligonga tena sehemu moja karibu na ekseli ya nyuma, akainamisha sikio, akatafuta vitundu na unga wa wadudu upande wa chini. Hakuna. Ilikuwa ni msumari uliolegea.

Mafuta yaliyopakwa yalikuwa yamefunika nyufa, au yalitarajiwa kufanya hivyo. Fundi alichota majivu, akayasugua kwa kiganja juu ya ubao wote wa mbele, pale unapopanda kukutana na shingo, halafu akafuta kwa kitambaa. Mbao laini iliachia majivu. Nyufa ziliyashika. Mistari myeupe ilijitokeza mmoja mmoja, na kwa mara ya kwanza muuzaji akasogea karibu kuangalia chukudu yake mwenyewe. Mistari mitatu ilikwenda na nyuzi za mbao, kwa urefu. Fundi aliipitishia kucha na kuiacha. Mpasuko wa namna hiyo ni wa kukauka, nao ukifungwa kwa bamba la bati na misumari miwili haufiki mbali. Alichokuwa akikitafuta ni mstari unaokatiza nyuzi, hata uwe mfupi kuliko kidole, kwa kuwa hapo kwenye kona ya shingo ndipo uzito wa mzigo na mshtuko wa kila jiwe hukutana. Alisugua majivu mara ya pili, na mara ya tatu, akageuza chombo ili mwanga uingie kutoka upande mwingine. Mstari wa kukatiza haukuwapo. Muda wote huo kijana alikuwa amesimama na dola zake mfukoni, akihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda mwingine.

Majivu yalionyesha na kitu kingine ambacho hakikuwa ufa. Ubao mzima wa kubebea ulikuwa na vibonyeo vidogo vyenye kona kali. Kabichi haina kona. Wala viazi, wala makaa, ingawa makaa huacha weusi katika kila tundu la msumari, na weusi huo hautoki kwa kuoshwa. Vibonyeo hivi viliachwa na mawe ya lava, yale meusi ambayo nyumba nyingi na kuta za ua huko Goma hujengewa. Fundi alichukua mkono wa kijana, akamwekea vidole juu ya vibonyeo, akamwacha ahisi mwenyewe. Hakumtazama muuzaji. Muuzaji naye alikumbuka kwamba, ndiyo, kulikuwa na miezi fulani ya ujenzi.

Mbele kidogo kulikuwa na matundu manne ya misumari yaliyozibwa kwa vijiti, mawili kila upande, yasiyohusika na muundo wa chombo. Mtu alipigilia hapo fremu ya kukalia, akaing'oa baadaye. Mwezi Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ilipolipuka na watu wa Goma wakaamriwa kuondoka, wengi walikimbilia huku Sake. Kuanzia Februari 2024, vita vilipofika ukingoni mwa mji, zamu ikawa ya Sake kukimbilia Goma, na Januari 2025 Sake ikaingia mikononi mwa waasi wa M23. Katika safari zote hizo chukudu zilibeba magodoro, sufuria, na wazee wasioweza kutembea. Fundi alipima kwa msumari kama vijiti vya kuzibia vimekaza. Vilikuwa vimekaza. Hakuuliza nani alikaa pale.

Sehemu iliyofuata ndiyo iliyonifanya nianze kumfuata mzee huyu kila nilipopata nafasi. Katikati ya ubao hupigiliwa kipande cha malapa ya zamani au sponji, mahali pa kuweka goti. Wanunuzi wengi hawakiangalii. Ni kitu cha kubadilisha kwa dakika tano. Yeye alikitazama kuliko alivyotazama kitu kingine chochote. Kilikuwa kimelika upande wa kulia, na kuelekea mbele. Alikibandua nusu kwa koleo akaangalia mbao iliyo chini, akakirudisha. Halafu akamgeukia kijana.

“Wewe unasukuma na mguu gani, mtoto wangu?”

Kijana alifungua mdomo akaufunga. Hakuwa anajua. Fundi alimwambia apande, asukume mpaka kwenye mti na kurudi, bila kufikiri. Alisukuma kwa mguu wa kushoto, goti la kulia ubaoni.

“Basi mnapatana,” alisema fundi.

Chukudu iliyosukumwa mwaka mzima kwa mguu wa kushoto huzoea mguu huo. Mwendeshaji hulalia upande mmoja, mzigo nao hupangwa ulalie upande mwingine ili kumsawazisha, na chombo kizima, kuanzia tundu la ekseli hadi shingo, hulika kufuata mizani hiyo. Ukimpa mtu wa mguu wa kulia, ataona inavutia pembeni na atalaumu magurudumu; atabadilisha magurudumu, na itaendelea kuvuta. Fundi alikuwa ameshaona upindo wa ubao kwenda kushoto, na sasa kipande kile cha goti kilimweleza umetoka wapi.

Wanaonunua trekta kuukuu wana jicho la jamaa huyu. Huko Tanzania, mtu anayejua Massey Ferguson hafiki kwa muuzaji akaanza kutazama rangi. Rangi mpya kwake ni sababu ya shaka. Huweka kiganja kwenye injini kabla haijawashwa, maana injini iliyopashwa moto kabla ya mgeni kufika inaficha ugumu wake wa kuwaka asubuhi. Huchomoa kijiti cha oili kuona kama oili imegeuka rangi ya maziwa, dalili ya maji kuingia. Hutikisa gurudumu la mbele akisikiliza mchezo wa beringi. Na mita ya saa ikisema trekta imefanya kazi kidogo huku mpira wa kanyagio la klachi umelika mpaka chuma, huamini kanyagio. Mita inaweza kurudishwa nyuma. Mguu wa dereva hauna wa kuurudisha.

Pale uwanjani tulifika kwenye magurudumu. Chukudu ililazwa kichwa chini. Fundi alichomeka ufito wa mwanzi ardhini, ncha yake ikikaribia kugusa uso wa gurudumu la mbele, akalizungusha taratibu kwa kidole. Nafasi kati ya mwanzi na mpira ilibaki ile ile mzunguko mzima. La nyuma lilipozungushwa, mwanzi uligongwa mara moja kwa kila mzunguko, kwa sauti ndogo. Alilisimamisha hapo hapo, akaweka alama kwa mkaa. Mbao ya gurudumu ilikuwa imevimba au gozi la tairi limeinuka? Alibonyeza kwa gumba: gozi lilikuwa limelala vizuri, misumari yake imezama. Basi ni mbao. Alitafuta mwelekeo wa nyuzi, akaona gurudumu lilikatwa kutoka kwenye kipande cha mkaratusi kilichokuwa na kiini cha mti ndani yake. Kiini kikikauka husukuma. Gurudumu hilo lisingekuwa duara tena, hata lichongwe namna gani.

Alifungua nati ya ekseli na kutoa beringi. Hapo alikaa chini kabisa, koti likagusa vumbi. Beringi za chukudu ni zile zilizostaafu kwenye pikipiki na magari, kwa hiyo hakuna aliyetarajia upya. Alishika ya kwanza kati ya gumba na shahada, akazungusha pete ya nje karibu na sikio. Ilitoa sauti ya mchanga kwenye meno. Wengine hutupa hapo hapo. Yeye alimimina mafuta ya taa kwenye kifuniko cha chupa, akaitumbukiza, akaizungusha ndani ya mafuta, akaitoa, akaikung'uta kwenye kitambaa, akasikiliza tena. Sauti ilikuwa imekwisha. Ulikuwa ni uchafu tu. Ya pili aliifanyia vivyo hivyo, na sauti ikabaki. Aliirudisha kwenye mafuta, akairudia, akaisikiliza mara ya tatu. Bado. Uchafu huoshwa, lakini njia ya goroli iliyomeguka haioshwi. Aliiweka kando, juu ya jiwe, peke yake.

Beringi ziliporudishwa na chukudu kusimamishwa, shingo ilimalizwa upesi. Alibana gurudumu la mbele katikati ya magoti yake na kujaribu kugeuza mikono: uma na mikono viligeuka pamoja, bila kuchelewa. Aliinua sehemu ya mbele kidogo na kuiachia, akasikia mgongano mmoja, si miwili. Breki ilikuwa kipande cha tairi kilichoning'inia juu ya gurudumu la nyuma, kinachokanyagwa kwa kisigino. Kilikuwa kimekwisha, na kwa mtu anayeshuka kutoka Mushaki na magunia ya viazi hilo si jambo dogo, lakini ni la kurekebishwa kwa kisu na misumari minne.

Mwisho aliomba mzigo. Muuzaji alinung'unika, akaenda kuazima magunia kwa jirani. Yalifungwa kwa mipira iliyokatwa kutoka kwenye tyubu, na kijana akaisukuma kupanda barabara ya Masisi kiasi cha kutosha, fundi akitembea pembeni mkono ukiwa juu ya ubao. Waliporudi wakishuka aliondoa mkono, akawa anatembea nyuma, kisha anakimbia, mzee yule na koti lake, kichwa kimeinama upande mmoja. Nilimuuliza baadaye alikuwa anasikiliza nini. Alisema mbao iliyobeba mzigo hulia mara moja inapokubali uzito, halafu hunyamaza. Inayoendelea kulia bado haijakubali.

Bei ilizungumzwa kwa dola, na chenji ikahesabiwa kwa faranga. Fundi hakupatana. Alitaja tu kasoro tatu, gurudumu la nyuma, beringi moja, breki, na baada ya kila moja akataja gharama ya kuitengeneza, kisha akaenda kusimama kivulini. Hakutaja vibonyeo vya mawe wala upindo wa ubao. Muuzaji, aliyekuwa amejiandaa kutetea kila kitu, hakupata cha kutetea zaidi ya hayo matatu, na hayo matatu hayakuwa na ubishi. Bei ilishuka mpaka pale.

Gurudumu jipya lilichukua sehemu kubwa ya siku iliyofuata. Fundi alikuwa na kipande cha mumba, mti mgumu na mzito, kilichokaa chini ya paa la kibanda muda mrefu mpaka kimekuwa na rangi ya moshi. Alikigeuza mara nyingi kabla ya kukiweka alama, akihakikisha kiini cha mti kiko nje ya kile atakachokata. Alipigilia msumari katikati, akafunga uzi, akachora duara kwa mkaa. Alikata kwa msumeno kona nne, halafu nane, kisha akachukua tezo. Akiwa ameshikilia kipande kwa unyayo, alichonga kuelekea kwake, vipande vyembamba vikiruka, na kila baada ya mapigo machache akasimama kutazama alama. Duara lilipokaribia mstari aliacha tezo na kutumia tupa. Hakuwahi kuuvuka mstari ule, na hakuwahi kuharakisha kuufikia.

Tundu la katikati alilitoboa kwa keekee, akalipanua kwa patasi. Beringi lazima iingie kwa kubanwa. Ikiingia kwa urahisi itatoka kwa urahisi, na ikilazimishwa itapasua mbao. Alichukua masizi kutoka chini ya sufuria ya chai, akapaka beringi kwa nje, akaijaribisha tunduni na kuitoa. Pale masizi yalipobaki kwenye mbao ndipo palipokuwa pamebana zaidi, na hapo alikwangua kwa patasi, kidogo mno, vumbi tu. Akapaka tena, akajaribu tena. Alirudia hivyo mpaka masizi yakaacha alama mzunguko mzima wa tundu, kila mahali sawa. Ndipo alipoweka kipande cha mbao juu ya beringi na kuigonga kwa nyundo mpaka ikakaa.

Gozi alilikata kutoka kwenye tairi la lori, upana wa gurudumu. Ncha zake mbili zinapokutana hakuzikata kwa mstari ulionyooka bali kwa mshazari, ili gurudumu lipite juu ya kiungo pole pole badala ya kugonga. Misumari aliipigilia kwa kupishanisha, mmoja kushoto mmoja kulia, isije ikafuatana kwenye uzi mmoja wa mbao na kuupasua, na kila kichwa cha msumari alikizamisha ndani ya mpira. Mwanzi ulichomekwa tena ardhini. Gurudumu likazungushwa, na mwanzi haukuguswa.

Jioni yule muuzaji alikuja kibandani. Nilidhani amekuja kulalamika, na nadhani fundi naye alidhani hivyo, maana aliendelea kufagia vipande vya mbao bila kuinua kichwa. Jamaa alisimama mlangoni akitazama gurudumu jipya. Alisema pesa aliyopata ameamua asiile yote. Kuna chukudu ndogo Kirotshe, ya mtu anayehama, na kesho kutwa angependa kwenda kuiona, kama papa ana nafasi ya kumtazamia.

Fundi aliacha kufagia.

“Imeoshwa?” akauliza.